Biashara hufuata miguu

Ukishuka basi la mwendokasi Ubungo jioni na safari yako ni jumba la maduka la Mlimani City, bado hujafika. Mbele yako kuna kilomita mbili hivi za Barabara ya Sam Nujoma. Vijana wa bodaboda na bajaji wanakudaka, kila mmoja akinadi "Mlimani, Mlimani!", na pembeni moshi wa mahindi ya kuchoma unakuita. Hujatia mguu dukani, na pesa imeshaanza kutoka.

Wamachinga wa Dar es Salaam wanaijua hesabu hiyo siku nyingi. Walipojengewa jengo la ghorofa la Machinga Complex pale Ilala, vizimba vingi vilikaa vitupu kwa miaka, wao wakabaki barabarani. Mteja wao ni mpita njia, na mpita njia hapandi ngazi kutafuta soksi.

Maduka makubwa yalipiga hesabu nyingine. Mlimani City ilifunguliwa mwaka 2006, miaka 10 kabla mwendokasi haijaanza kubeba abiria Mei 2016. Mteja aliyefikiriwa ni mwenye gari, ndiyo maana kinachokupokea kwanza ni uwanja wa kuegesha. Anayekuja kwa miguu hujipenyeza katikati ya magari mpaka aufikie mlango.

Njia ya kwanza ya mwendokasi, kilomita 20.9, nayo ikashika Barabara ya Morogoro, na soko lililopata mlango wazi ni Kariakoo. Abiria anashuka Gerezani, anaingia madukani kwa miguu, anarudi na kiroba chake begani. Ubungo kwenyewe, stendi ya mabasi ya mikoani ilipohamia Mbezi mwaka 2021, kiwanja kile kilijengwa kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichofunguliwa mwaka 2025. Hapo kituo cha mwendokasi na duka vimekuwa majirani.

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Dubai wameona ujirani huo ukisukwa kwa makusudi. Mall of the Emirates imeunganishwa na kituo cha metro kwa daraja la waenda kwa miguu. Dubai Mall iko mbali zaidi na kituo chake, hivyo likajengwa daraja lililofunikwa la mita 820, lenye kiyoyozi na mikanda inayombeba mtu. Kwa jua la kule, bila daraja hilo wengi wangepanda teksi, na aliyekwisha kulipa teksi huingia dukani mfuko ukiwa umepungua.

Zamu ya Mlimani City inakuja. Awamu ya nne ya mwendokasi, kilomita 30.1, imepangiwa pia Barabara ya Sam Nujoma. Lakini kituo cha mwendokasi hukaa katikati ya barabara, na kutoka hapo hadi dukani kuna magari ya kuvuka, uzio na ule uwanja wa kuegesha. Kivuko, kivuli na geti la waenda kwa miguu ni gharama ndogo ukilinganisha na jumba lenyewe, ila lazima mwenye jumba na wajenzi wa barabara wakae meza moja kabla zege halijakauka. Wasipokaa, abiria atashuka, atalitazama duka ng'ambo ya barabara, kisha atanunua hindi lake na kwenda zake.