Kutunza Viti, Meza na Vitanda vya Mbao

Wasomaji wetu wa Shinyanga na Geita wanajua vema kwamba kitanda au meza ya mninga si kitu cha kupatikana kwa bei ndogo. Mtu huuza pamba yake, au mpunga, au ng'ombe, ndipo amwendee seremala. Akiisha kuletewa chombo chake hukifurahia siku chache tu. Kisha hukiacha juani, hukimwagia maji, huweka sufuria ya moto juu yake, na baada ya miaka michache chombo kile huwa kuni. Twaona hiyo ni hasara isiyo na sababu, maana vitu vya kukihifadhi vimo nyumbani mwake: majivu, limau, mafuta ya alizeti na nta ya nyuki. Basi tumekusudia kueleza namna ya kuvitumia.

Tena hasara hii si ya mwenye meza peke yake. Mninga hukua polepole sana. Mti uliokwisha kufaa kupasuliwa mbao hukaribia umri wa miaka 100. Nayo nchi ya Shinyanga imekwisha kuonja uchungu wa kukosa miti. Tangu miaka ya 1920 mapori mengi yalifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, kisha yakafuata mashamba ya pamba, mifugo na haja ya kuni, hata pakabaki vumbi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, na wanavijiji wakarudia desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili, mpaka kazi hiyo ikapewa tuzo ya kimataifa mwaka 2002. Lakini fikirini: mninga uliochipuka mwaka ule wa 1986 haujafika hata nusu ya umri wa kukatwa. Anayefanya kiti kimoja kidumu mara mbili ameuachia mti mmoja nafasi ya kukua.

Kuosha

Adui wa kwanza wa mbao ni maji mengi. Mbao hunywa maji na kuvimba. Yakikauka hunywea, na kwa kuvimba na kunywea huko maungo hulegea na mbao hupasuka. Kwa hiyo meza haioshwi kama sufuria. Kwanza ipanguswe vumbi kwa kitambaa kikavu na laini, maana vumbi la nchi yetu lina mchanga, nao mchanga hukwaruza. Kisha kitambaa kichovywe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kikamuliwe sana, ndipo mbao ipanguswe kwa kufuata nyuzi zake, wala si kwa kuzikata. Mwisho ikaushwe mara moja kwa kitambaa kingine.

Magadi na maji ya majivu hayafai kwa kazi hii. Ni kweli huondoa mafuta, lakini huondoa pia ile ngozi nzuri ya juu na kuibadili rangi ya mbao.

Madoa

Sufuria ya moto ikiacha alama nyeupe kama pete, chukua majivu yaliyochekechwa yakawa laini kama unga, uyachanganye na mafuta ya kupikia kidogo, usugue polepole kwa kidole kilichofungwa kitambaa, kisha upanguse. Alama hiyo huwa ni unyevu ulionaswa katika rangi ya juu, na mara nyingi hutoka. Doa jeusi palipokaa chuma kilicholowa hutoka kwa shida zaidi. Hapo jaribu maji ya limau, uyaache kitambo kidogo, kisha uyafute kwa kitambaa chenye maji safi. Limau lisiachwe muda mrefu, kwa sababu huipausha mbao. Kila dawa ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, kama chini ya meza.

Palipokwaruzika na kuota nyuzi, tumieni msasa. Kabla ya karatasi za dukani kuenea, mafundi walitumia majani makavu ya mti uitwao msasa, ambayo hukwaruza kama ulimi wa paka, na hata karatasi ile ikarithi jina la mti. Majani hayo yangali yafaa kwa kazi ndogo.

Kupaka nta

Hii ndiyo dawa iliyo bora kupita zote, nayo haitoki mbali. Warina asali wa Bukombe na Kahama hupata nta pamoja na asali, na zamani nta ya Tanganyika ilikuwa bidhaa ya kupelekwa Ulaya. Lakini watu wengi hukamua asali na kuyatupa masega.

Masega yachemshwe katika maji, yachujwe kwa kitambaa kingali cha moto, kisha yaachwe yapoe. Nta huelea juu na kuganda, na uchafu huzama. Kisha chukua nta kipimo 1 na mafuta ya alizeti vipimo 3, uvitie katika kopo, na kopo ulitie ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta huyeyuka katika joto la nyuzi kadiri ya 63 za sentigredi, basi maji hayo yatosha. Kamwe usiweke kopo juu ya moto wenyewe, maana nta huweza kushika moto. Ikiisha kupoa itakuwa laini kama samli. Paka kidogo sana kwenye mbao iliyokwisha kukauka, uache usiku mmoja, na asubuhi usugue kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae. Kufanya hivi mara mbili au tatu kwa mwaka kwatosha.

Wengine hupaka samli au mafuta ya karanga bila nta. Hatuwashauri, kwa sababu mafuta hayo hayakauki. Huchacha, hunuka, hukamata vumbi na kuwaita sisimizi. Tena vitambaa vilivyolowa mafuta, hasa mafuta ya kitani wanayotumia maseremala, visirundikwe pamoja, kwani huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vianikwe nje mpaka vikauke.

Jua na wadudu

Kiangazi cha Shinyanga ni kikali, hasa tangu Juni mpaka Oktoba, nayo mbao hunywea wakati huo. Kitanda kisiwekwe mahali jua la dirishani linapokipiga kila siku. Mwaona wengi wakianika vitanda juani ili kuwaua kunguni. Kunguni hukimbilia ndani ya maungo, na kitanda ndicho kinachopasuka. Ni afadhali kumimina maji yanayochemka ndani ya maungo na nyufa, kisha kukikausha kitanda kivulini na kukipaka nta.

Mchwa hupanda kutoka chini, basi miguu ya kabati isimamishwe juu ya mawe, mbali kidogo na ukuta, na kila juma mtazame nyuma yake kama pana njia ya udongo. Bungua huonekana kwa unga mwembamba unaoanguka chini. Huyu hupenda mbao nyeupe ya nje ya gogo. Kwa hiyo mnapoagiza chombo, mwambieni seremala aiondoe. Nta nayo huziba vitundu ambamo mdudu hutaga mayai. Majani makavu ya mwarobaini yakiwekwa ndani ya mtoto wa meza husaidia kuwafukuza wadudu wa nguo na karatasi.

Vitu vya kuogopwa

Pana watu wanaopaka oili chafu ya magari ili kuzuia mchwa. Oili hiyo ina sumu, nayo huingia mwilini kwa ngozi. Haifai hata kidogo kwa kitanda, kiti wala meza ya chakula.

Lakini hatari kubwa kupita zote iko katika nyumba za wachimbaji wadogo wa dhahabu, huko Nyarugusu na mahali pengine pa Geita na Kahama. Wengine hukamatisha dhahabu kwa zebaki juu ya meza ile ile ambayo jioni watoto hulia chakula. Matone ya zebaki huingia katika nyufa za mbao, nayo hutoa mvuke usioonekana wala kunuka, wenye kudhuru ubongo na figo, hasa za watoto na mimba. Sabuni haiitoi, limau haliitoi, nta haiifungi. Wala msiichome meza hiyo kwa kuni, maana moto huitoa zebaki yote kwa pamoja. Meza iliyotumiwa hivyo itolewe nyumbani isirudi tena, na aitwe afisa wa afya atoe shauri. Mataifa yalikubaliana mwaka 2013, katika Mkataba wa Minamata, kupunguza matumizi ya zebaki. Nasi twasema kwamba upunguzaji wa kwanza ni kuitenga na chumba cha kulia na cha kulala.

Shauri kwa walimu na wazee

Madawati ya shule huharibika upesi kwa sababu humwagiwa ndoo za maji siku ya usafi na kuachwa nje. Walimu waweza kuwafundisha wanafunzi kupangusa, kukausha na kupaka nta, kila darasa madawati yake. Na wazee wenye viti vya kale vya kuchonga wasiviache vikaliwa na mchwa ghalani. Huko Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma, jengo moja limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Ndivyo kiti kilivyoheshimiwa na watu hao. Haikosi chenu nacho chastahili kitambaa kikavu na nta kidogo, ili wajukuu wenu wakikalie.