Ngazi za umeme za pikapu: zijue kabla hazijakupiga muundi

Pikapu za siku hizi ziko juu mno. Mzee mwenye magoti mabovu, au mama aliyevaa buibui na kubeba mtoto, hapandi bila ya kushikwa mkono. Ndio maana watu wanaweka ngazi za pembeni za umeme: mlango ukifunguliwa zinateremka, ukifungwa zinarudi chini ya bodi. Lakini wengi wanaozilipia hawaambiwi namna ya kuziamrisha, basi zinakwenda zitakavyo.

Tuchukue Ford F-150 ya Marekani, inayoweza kununuliwa na ngazi hizi tangu kiwandani. Kwetu ni nadra kuiona, kwani Kenya haisajili magari ya kawaida yenye usukani wa kushoto; wenye jamaa Marekani au Ghuba ndio wataijua. Ila ukiuelewa mpango wake, hizi zinazofungwa na mafundi kwenye Hilux, Ranger au Land Cruiser hazitakushinda.

Menyu yake iko kwenye dashibodi, nawe unaiendesha kwa vitufe vya usukani. Ikiwa otomatiki, mlango ukifunguka ngazi inatoka, na milango ikishafungwa inangoja kama sekunde 2 ndipo irudi. Unaweza pia kuziamuru zibaki nje hata milango ikiwa imefungwa, upate kukanyaga ufunge mzigo wa juu ya paa. Ukisahau ukaondoka hivyo hivyo, gari likipita mwendo wa kilomita 8 kwa saa zinajirudisha zenyewe na kuwa otomatiki tena. La mwisho ni kuzizima kabisa, na hapa pana hatari: ukizima, ngazi zinarudi papo hapo hata kama mlango uko wazi. Kabla hujabonyeza, tazama kama bibi hajaweka mguu.

Huko kuzima ndiko watu wanakokudharau, na kwa maoni yangu ndiko kunakotufaa zaidi sisi. Fikiria feri ya Likoni. Magari yamebanana, watu wa miguu wanapenya katikati, wewe unafungua mlango kidogo upate upepo, na ngazi inachomoka sawa na muundi wa mpita njia. Au vichochoro vya Mji wa Kale, ambako umeegesha ubavuni mwa baraza la mawe. Ngazi za F-150 zina kinga: zikikutana na kizuizi zinarudi zilikotoka. Si kila seti ya dukani iliyo nayo. Mwambie fundi akuonyeshe kwa kipande cha mbao, mbele yako, kabla hujatoa pesa. Mguu wa mtoto si wa kufanyia majaribio.

Seti za kufungiwa hapa aghalabu hazina menyu. Nyingine huchukua habari za milango kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani; za bei nafuu hutumia sensa ndogo za sumaku zinazobandikwa mlangoni. Sumaku ikibanduka, ngazi inaamini mlango uko wazi, nawe unaendesha huku imetoka nje, na mwenye bodaboda anayekupita kwa karibu hana habari. Kwa hivyo dai uwekewe swichi ya kuzimia mahali mkono unapofika, na fyuzi karibu na betri. Fundi akikwambia swichi haina haja, tafuta mwingine.

Halafu kuna chumvi. Mchanga wa ufuoni, matope ya masika na hewa yetu hii ya bahari huingia kwenye bawaba, ngazi ikaanza kwenda kwa kusitasita, mwishowe ikagoma. Usikimbilie kununua mota. Zitoe nje, uziache hapo, kisha upige bawaba na mikono yake maji ya presha mpaka mchanga utoke. Usipake mafuta ya kung'arisha sehemu ya kukanyagia. Itapendeza, lakini siku ya mvua ndiyo itakayomwangusha yule mzee uliyemwekea ngazi.

Na pancha ikikukuta njiani, zima ngazi kwanza, kisha uweke jeki mahali pake penyewe chini ya gari. Ngazi, bawaba na mota zake hazibebi uzito wa gari.