Chumvi huyeyuka, lakini vipi?

Kifaransa cha maabara hutenganisha « fondre » na « dissoudre ». Katika mazungumzo yetu, kuyeyuka hubeba yote mawili. Chumvi kavu huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi. Majini huyeyuka bila moto. Kwa nini? Kutenganisha kabisa ioni za moli moja ya chumvi hudai kilojuli 787 hivi. Molekuli za maji, zikizizunguka ioni hizo, hurudisha takriban 783. Pengo, kilojuli 4 tu, hulipwa na joto la maji yenyewe, nayo hupoa kidogo. Pengo hilo ndilo entalpia ya kuyeyuka majini. Basi mfasiri aandike « kuyeyuka kwa joto » au « kuyeyuka majini ». Asipofanya hivyo, mwanafunzi atatafuta moto ambao haupo.