Maji Meupe ya Itanda Yahitaji Sheria

Anayetoka kijiji cha Kirewa, mashariki mwa Uganda, akapanda basi la Kampala pale Tororo huvuka mto Nile pale Jinja, juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2018, na kuona maji yaliyolala kama ziwa. Hayakuwa hivyo. Maporomoko ya Ripon, aliyoyafikia mvumbuzi Mwingereza Speke mwaka 1862, pamoja na jirani yake Owen, yalizama baada ya bwawa la mwaka 1954. Bujagali nayo ikafuata, kwa bwawa la megawati 250 lililozinduliwa mwaka 2012, ingawa Wasoga waliiheshimu kama makao ya mzimu wao. Miongoni mwa maji yanayochemka yaliyosalia karibu na Jinja ni ya Kalagala na Itanda, nayo hubeba safari za boti za mpira zilizoanza mwaka 1996. Kiongozi hukaa nyuma ya boti na kasia lake, akiamuru abiria wapige mbele, warudi nyuma au washike kamba, huku waokoaji wakiwa tayari ndani ya kayaki. Penye hatari kuu pale Itanda abiria hushushwa na boti ikabebwa nchi kavu. Kujua mahali pa kushuka ni elimu ya miaka mingi juu ya jiwe hili na mkondo ule, na bwawa likijaa elimu hiyo haina pa kutumika.

Serikali ya Uganda ilikubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2007 kuihifadhi Kalagala iwe fidia ya Bujagali. Hata hivyo bwawa la Isimba, la megawati 183, lilizinduliwa mwaka 2019, na maji yake yakapanda hadi kuzamisha mawimbi yaliyo mtoni chini ya Itanda. Mkataba na mkopeshaji ni kinga dhaifu, kwa sababu wakubalianao wanaweza kukaa tena na kuubadilisha. Sheria ni kinga imara zaidi: Marekani ilitunga sheria ya kulinda mito ya porini mwaka 1968. Mwaka 1980 sheria nyingine ikaingiza humo mito sita ya hifadhi ya Gates of the Arctic, kwenye milima ya Alaska isiyo na barabara, ambako wageni hushushwa na ndege ndogo kisha kuteremka na kiongozi kwa siku nyingi. Itanda nayo yahitaji kinga ya namna hiyo.

Mtu wa Kirewa atauliza, na ana haki: mchezo wa wageni wenye dola utaniwashia taa? Umeme ni haja ya kweli. Lakini mabwawa ya Nile, yaani Nalubaale (lile la mwaka 1954), Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma, lililozinduliwa mwaka 2024, yana uwezo wa megawati zaidi ya 1,400. Kijijini kinachokosekana ni nguzo, waya na bei inayolipika, na hayo hayaletwi na bwawa la sita. Wala faida si ya wageni peke yao: viongozi wengi, waokoaji, wapishi na madereva ni vijana wa Uganda, baadhi yao waliojifunza kuogelea kwenye maji hayohayo. Waya wa kufika Kirewa unaweza kuvutwa mwaka wowote. Itanda ikizamishwa, hakuna bajeti itakayoirudisha.