Kola zanunuliwa, betri hazina mwenyewe

Muuzaji wa kola za kufuatilia tembo jijini Nairobi halii ukosefu wa wateja. Kuanzia Mara hadi Laikipia, kila mwenye hifadhi anazitaka. Kilio cha mfanyabiashara mmoja, aliyeomba asitajwe kwa kuwa bado anaidai serikali, ni kwamba zabuni hulipia kifaa, hazilipii kukiendesha na kukitunza.

Betri ya kola hufa baada ya miaka michache. Kuibadilisha kunataka tembo atafutwe, wakati mwingine kwa helikopta, kisha daktari ampige sindano ya usingizi. Na muda wote huo setilaiti inayopokea ishara za kola ina ada yake, kwa dola. Wafadhili, anasema, hujaa siku ya kuvisha kola. Siku ya kuivua hawapokei simu. Yeye huagiza kwa dola, hulipwa kwa shilingi, tena kwa kuchelewa.

Kamera za kunasa wanyama zina shida nyingine. Fisi hutafuna kasha, tembo huling'oa mtini. Zikinusurika, picha huwa rundo: mradi mmoja Serengeti, wenye kamera 225, ulipata zaidi ya milioni saba, na takriban robo tatu hazikuwa na mnyama, nyingi ni nyasi zikipepea. Programu za akili unde sasa huzichuja upesi, na pengine faida itahamia huko, nje ya mikono ya wauza vifaa wa hapa.

Afisa mmoja wa wanyamapori anajibu kila swali kwa tarakimu moja: tembo 36,280, hesabu ya sensa ya kitaifa ya 2021. Tarakimu ni nzuri, lakini tembo hao walihesabiwa zaidi kwa macho ya watu ndani ya ndege ndogo. Chui hahesabiki hivyo. Na kola ngapi zilizonunuliwa bado zinatuma ishara? Hapo tarakimu zinamwishia. Mfumo, anasema, unaimarishwa.

Huenda utaimarika, ikiwa pesa zitapatikana. Misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025, waliotegemea wafadhili waliguswa kwanza. Hifadhi za jamii zenye kambi za watalii zina pa kushika, angalau msimu ukiwa mzuri. Mfanyabiashara wetu hasubiri. Siku hizi hatoi mzigo bila nusu ya malipo mkononi, sharti ambalo, anakiri, limemfukuzia karibu wateja wote wa serikali.