Simu na Kompyuta Zisizosikilizana

Wasomaji wenzangu, wengi wetu twajua kutumia simu, na shule kadhaa za upande wetu huu wa West Nile zimekwisha kupata kompyuta kuukuu moja au mbili. Lakini si wengi wajuao jinsi ya kuvifanya vitu hivi viwili visikilizane, hasa pale mtengenezaji wa simu asemapo kwamba programu yake haikuandikwa kwa ajili ya kompyuta ya namna hiyo. Hapo watu hukata tamaa. Nataka kuonyesha kwamba hapana sababu ya kukata tamaa, kwa kuwa jambo lenyewe ni jambo la lugha.

Haja yetu ilikuwa hii. Katika likizo mbili Chama chetu cha Historia kilikwenda vijijini kurekodi sauti za wazee wakisimulia habari za koo zao kwa Kilugbara. Wazee kumi na wanne walikubali kusema nasi, na simulizi zao zote zilikaa ndani ya simu moja tu. Tangu siku zile wawili wao wamekwisha kufariki. Simu nayo ilianza kuchakaa: betri haikai na chaji, na kioo huzimika chenyewe. Kama simu ile ingekufa, sauti za wale wawili zingepotea, wala hatuna mahali pa kwenda kuwauliza tena.

Kompyuta ya shule yetu haitumii Windows, bali Ubuntu. Mfumo huu ulitolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana ya utu. Umejengwa juu ya Linux, ambayo Linus Torvalds wa Finland aliianza mwaka 1991. Hutolewa bure, na kompyuta nyingi za zamani zisizoweza kubeba Windows mpya huendelea kufanya kazi nao vizuri. Lakini programu iliyokuja pamoja na simu yetu ilitaka Windows tu. Ajabu ni kwamba Android, mfumo wa simu ile, nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux. Basi walikuwa ndugu wawili wasiosemezana!

Hebu fikirini soko la Arua. Mama mmoja Mlugbara auza samaki wakavu, na mnunuzi atoka Bunia, nchi ya Kongo, wala hajui Kilugbara hata neno moja. Huuziana vipi? Mara nyingi hutumia Kiswahili. Kila mmoja ana lugha ya kwao, lakini mradi wote wawili waijue lugha ya katikati, biashara hufanyika. Ndivyo ilivyo kwa simu na kompyuta. Programu ya mtengenezaji ni mkalimani mmoja tu, aliyeajiriwa kukaa upande wa Windows. Akikosekana, tusiulize, "Nitampata wapi mkalimani huyu?" Yafaa tuulize, "Simu yangu yasema lugha gani, na nani mwingine aijua?"

Lugha ya namna hii huitwa itifaki. Simu nyingi za Android hutumia itifaki iitwayo MTP. Ilitungwa na Microsoft, na mwaka 2008 ikakubaliwa kuwa kanuni rasmi ya vyombo vya USB. Maelezo yake yametangazwa wazi, na kwa sababu hiyo watu wa Linux waliweza kuyafuata wakatengeneza libmtp, ambayo ni mkalimani wa upande wao.

Yafaa pia tujue tabia ya MTP. Zamani simu ilipounganishwa na kompyuta iliitolea ghala lake zima, kama mwenye duka akupaye ufunguo na kutoka nje. Naye hawezi kuuza kitu mpaka uurudishe. Katika MTP mwenye duka habanduki. Wewe wasimama mbele ya meza, waomba kitu, naye akuletea kimoja kimoja. Ndiyo maana kazi huenda polepole, na ndiyo maana simu iliyofungwa kwa namba ya siri huonekana kama duka tupu.

Sasa tuone kazi yenyewe hatua kwa hatua.

Kwanza, waya. Waya nyingine za bei rahisi zina nyuzi za umeme tu, hazina nyuzi za kupitisha habari. Simu hupata chaji, lakini kompyuta haioni kitu.

Pili, fungua simu kwa namba yake, vuta chini tangazo la USB, uchague kuhamisha faili badala ya kuchaji tu.

Tatu, fungua dirisha la mafaili katika Ubuntu. Mara nyingi jina la simu litatokea pembeni, na hapo waweza kunakili mara moja. Lisipotokea, andika amri hii: lsusb. Amri hii huorodhesha kila chombo kilichochomekwa. Simu isipokuwamo katika orodha, usihangaike na programu. Badili waya, au tundu. Ikiwamo, basi njia ni nzima, na kilichobaki ni lugha.

Nne, weka programu mbili ziitwazo mtp-tools na jmtpfs. Amri ya mtp-detect huiambia simu ijitaje. Ikiwa jibu ni kwamba chombo kina shughuli, huenda dirisha la mafaili limekwisha kukishika, maana mwenye duka huyu huhudumia mteja mmoja tu. Iondoe simu katika dirisha lile kwanza, kisha ujaribu tena.

Tano, jmtpfs huifanya simu ionekane kama folda ya kawaida. Ndipo huja kazi ya kulandanisha, yaani kuhakikisha kwamba kilichomo huku kimo na kule. Sisi tulitumia rsync, programu iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Yenyewe hulinganisha pande mbili, kisha hunakili tu kile kilichopungua. Tuliiandikia neno --size-only, lenye maana kwamba iangalie ukubwa wa faili na kuacha tarehe, kwa kuwa tarehe zipitiazo MTP haziaminiki sikuzote. Kioo kilipozimika na kazi kukatika, tuliianza tena, nayo haikurudia yale yaliyokwisha kufika.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. rsync haifuti kitu upande wa pili isipokuwa umeiandikia neno --delete. Neno hilo tuliliepuka kabisa. Mtu akilandanisha pamoja na kufuta, siku simu inapopoteza sauti ya mzee, kompyuta nayo itaipoteza.

Tulipomaliza tulihesabu mafaili ya pande zote mbili, tukafungua kila moja na kulisikiliza mwanzo na mwisho. Yote yalikuwa mazima. Mmoja wa wale wazee wawili ana mjukuu wake hapa shuleni, aliye nyuma yetu madarasa mawili. Alisikiliza simulizi ya babu yake yote asiseme neno, kisha akaomba nakala ampelekee mama yake. Nakala nyingine imewekwa katika diski kabatini mwa mwalimu wetu wa Historia.

Wengine watauliza kwa nini hatukuilazimisha programu ya mtengenezaji kwa Wine, iwezeshayo programu nyingi za Windows kufanya kazi katika Linux. Wine yafaa kwa mengi, lakini programu za simu mara nyingi huhitaji viongozi maalumu vya mlango wa USB, na hapo Wine hushindwa. Na kama mlango wa waya wa simu umeharibika, iko KDE Connect, iliyoanzishwa mwaka 2013, ipitishayo mafaili kwa waifai ya mahali penyewe bila kuhitaji intaneti.

Si kila lugha iliyotangazwa. iPhone husema na iTunes kwa itifaki ambazo Apple haikuzieleza hadharani, na iTunes haikuandikwa kwa ajili ya Linux. Hata hivyo watu wa kujitolea walichunguza mazungumzo yapitayo wayani, mpaka wakatengeneza libimobiledevice. Kazi yao ilikuwa ngumu zaidi, kama mtu ajifunzaye lugha kwa kusikiliza dirishani.

Basi, wenzangu, mkiambiwa kwamba chombo chenu hakikubaliwi, ulizeni maana yake. Mara nyingi ni kwamba mtu fulani hakuona faida ya kumweka mkalimani upande wenu. Tafuteni lugha ya katikati. Na wale wenye sauti za wazee katika simu zao, wasingoje likizo ijayo. Simu huzeeka upesi kuliko wazee, na wazee nao hawatungojei.