Neno la Unabii na Namna Linavyopimwa Chekereni

Unabii katika maisha ya kanisa ni neno ambalo mwamini huwaambia wenzake akisadiki kwamba amelipokea kwa Mungu. Si lazima liwe habari ya mambo yajayo. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliupa kazi ya kujenga, kutia moyo na kufariji. Mtabiri wa uchaguzi au wa mechi ya mpira hafanyi hata moja kati ya hayo.

Chekereni, kijiji cha mpunga kwenye tambarare chini ya mji wa Moshi, neno la namna hii husikika zaidi nyumbani kuliko kanisani. Walutheri na Wakatoliki husali kwa jumuiya, nyumba kwa nyumba. Wapentekoste wana mikesha na vikundi vya maombi. Baada ya maombi mama mmoja husimama, akaweka sawa kitambaa chake cha kichwani, akasema taratibu: "Nimeonyeshwa." Hasemi "nimeona". Kwa kunyambua kitenzi hivyo anakiri kwamba jambo limetoka nje yake. Mwingine husema "nimeoteshwa", neno ambalo waganga wa jadi nao hulitumia wanapoeleza walikopata dawa zao. Mwaka 2011 nchi nzima ililisikia kutoka Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila, aliyesema kikombe chake cha dawa alioteshwa na Mungu. Maelfu walikifuata, na wagonjwa wengine walifia safarini.

Mama akishasema, nyumba hunyamaza. Kiongozi wa jumuiya aliye makini hujibu kwa ufupi: "Tumesikia, mama. Tuliombee kwanza." Neno halijapokelewa, wala halijakataliwa. Katika jambo zima hakuna desturi yenye thamani kuliko huku kusubiri, maana ndiko kunakowapa wengine nafasi ya kupambanua. Paulo aliagiza manabii waseme wawili au watatu, mmoja baada ya mwingine, na wasikiaji wapime. Wakulima wa Chekereni, wanaogawana maji ya mfereji kwa zamu, wanaielewa amri hiyo bila mhubiri: anayefungulia maji yote shambani kwake hukausha majaruba ya wenzake.

Kupima huanza na maandiko. Kumbukumbu la Torati lasema kwamba neno lisilotimia halikutoka kwa Mungu, na kipimo hiki kila mtu anakijua. Kitabu hicho hicho kinaonya pia kwamba hata ishara ikitimia, nabii anayewavuta watu kwa miungu mingine asisikilizwe. Onyo hilo husahauliwa mno. Mtu akitajiwa namba yake ya simu na jina la marehemu mama yake, huamini yote yanayofuata, ilhali kujua siri ya mtu hakuthibitishi kwamba aliyeijua ametumwa na Mungu.

Baada ya maandiko hutazamwa mwenendo, na hapa kijiji kina nguvu ambayo uwanja wa mkutano hauna. Msemaji wa jumuiya anajulikana. Inajulikana kama amelipa deni la mbolea, na kama ana ugomvi na jirani juu ya tuta la mpaka. Akionyeshwa jambo baya kuhusu shamba la jirani huyo huyo, wazee hulipima neno lake kwa mizani nzito zaidi.

Linalohitaji uangalifu kuliko yote ni neno linalomtaja mbaya. Zamani familia ya Kichaga iliyopatwa na ugonjwa usioeleweka ilikwenda kwa mpiga ramli, naye akawaambia ni mzimu wa nani unadai mbuzi, au ni nani aliyeroga. Unabii unaomnyooshea kidole shangazi au mke mwenza ni ramli ile ile iliyovikwa jina la Yesu. Ukoo unaweza kuvunjika kwa sentensi moja, na usiungane tena hata msibani. Neno la aina hiyo halifai kutamkwa mbele ya watu. Likimjia mtu, alipeleke faragha kwa mchungaji au mwinjilisti.

Moshi imeona kinachotokea pale ambapo hakuna anayepima. Tarehe 1 Februari 2020, katika mkutano wa maombi uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Waliofika walikuwa na shida za kweli: maradhi, madeni, ndoa zilizoyumba. Katika umati kama ule hapakuwa na mzee wa kusema "tuombe kwanza".

Fedha nazo zina neno lake. Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo, yanasema mtume akiomba fedha ni nabii wa uongo, na akikaa siku tatu vivyo hivyo. Kanuni hiyo ya kale ingewaokoa wengi waliouza gunia la mpunga "kupanda mbegu" kwa mtumishi aliyeondoka asubuhi yake.

Neno likikosa kutimia, aliyelisema hutakiwa kukiri mbele ya wale wale waliomsikia. Wengi hunyamaza, na ukimya huo ndio unaoua imani ya vijana. Anayekiri hatengwi. Wiki inayofuata jumuiya humwachia nafasi yake kwenye benchi, naye huimba na wenzake, na kwa muda huwa msikilizaji.